Usichape bango hilo: fundo la M87 halijaupita mwanga

Mkuu, bango lisiende kwa mchapaji kwanza. Umechukua picha za darubini ya angani Hubble za mkondo wa gesi unaorushwa kutoka katikati ya galaksi M87, ukapima fundo (bonge ang'avu ndani ya mkondo huo) likisogea sehemu 23 za elfu ya sekunde ya pembe kwa mwaka, ukazidisha kwa umbali wa miaka ya nuru milioni 55, ukapata mara sita ya kasi ya mwanga. Kama kasi inayoonekana, hapo hujakosea. Kuwaandikia wanafunzi wa Moshi kwamba "Einstein kaanguka", yeye aliyesema hakuna kinachoupita mwanga, ndiko kunakoharibu kazi yote.

Umegawa kwa muda wa mwanga KUFIKA. Gawa kwa muda wa mwanga KUTOKA! Fundo linakuja upande wetu likiufukuza mwanga wake lenyewe, kwa hiyo muda huo mmoja na mwingine haulingani. Chukua basi la Moshi–Arusha: konda anatuma bodaboda kutoka Boma Ng'ombe, kisha nyingine kutoka Usa River. Basi likikimbia karibu sawa na bodaboda, zote mbili zinaingia Arusha zikifuatana, na anayehesabu dakika kati ya bodaboda hizo ataapa basi limepaa.

Sasa weka namba. Fundo liende 0.99 ya kasi ya mwanga, nyuzi 8 kutoka mstari wa macho yetu. Kwa miaka 10 linasafiri miaka ya nuru 9.9: kuelekea kwetu 9.80, kando 1.38 tu. Mwanga wa mwisho unachelewa nyuma ya ule wa kwanza kwa mwaka 0.196, kama siku 72. Gawa 1.38 kwa 0.196: saba! Na hakuna kilichoupita mwanga.

Wanaonikera ni wale wa video wanaoweka picha mbili na mshale mwekundu, halafu pembe ya mwendo hawaitaji kabisa. Mwanafizikia wa anga Martin Rees alilitabiri hili mwaka 1966, kabla ya yeyote kulipima. Bila pembe, hiyo "mara sita" ni nusu ya habari.

Kwa fundo lako, mara sita inadai pembe isiyofika nyuzi 19 na kasi halisi isiyopungua 0.986 ya mwanga. Hizo ndizo za kuchapa, safu mbili: kasi inayoonekana, kasi halisi. Ukiongeza kwasa 3C 273 (kiini king'avu mno cha galaksi ya mbali), kumbuka ulimwengu unatanuka: muda unaoupima huku umerefushwa mara 1.158, nao urekebishe kabla ya kugawa.