Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Gemu za Zamani ya Kujitengenezea

SWALI: Nimeunda kabati la gemu kwa Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Gemu ikikolea, alama ya radi ya njano inatokea kwenye skrini, kisha mashine inazima na kujiwasha upya. Natumia chaja ya simu ya kuchaji haraka. Je, kadi ya kumbukumbu imekufa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kadi iache kwanza. Radi hiyo inasema volti zimeshuka chini ya 4.63. Soma maandishi madogo kwenye chaja: nyingi za aina hiyo zimeandikwa 5V/2A na 9V/2A. Nguvu yake kubwa iko kwenye 9V, na Pi haiiombi kamwe. Inabaki na 5V ya ampea 2, wakati inahitaji 3. Tafuta chaja ya 5.1V, ampea 3, yenye waya mfupi na mnene. Waya mrefu wa bei ya chee unakula volti njiani hata kama chaja ni nzima.

Angalia pia umechomeka nini. Matundu yote manne ya USB kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu, kwa hiyo amplifaya ya spika na taa za vibonyezo zipe umeme wake. Ukimaliza, andika amri hii: vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, mambo safi. 0x50000 maana yake umeme ulishuka na kasi ikapunguzwa wakati fulani tangu mashine iwake. 0x50005, unashuka hivi sasa.

SWALI: Joistiki inafanya kinyume: nikisukuma juu, Pac-Man anashuka. Halafu kibonyezo kimoja kinafyatua risasi chenyewe. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Joistiki ina egemeo katikati. Ukisukuma mpini juu, mkia wake chini ya ubao unakwenda upande wa pili na kubonya swichi ya chini. Basi waya wa "juu" unaungwa kwenye swichi ya chini, wa kushoto kwenye ya kulia. Usidanganye kwa kubadili menyu. Badilisha nyaya, usije ukahangaika tena kila ukiweka programu mpya. Na kwa kuwa Pac-Man (1980) ilitengenezwa kwa joistiki ya pande nne, kama yako ina kibamba cha kugeuza (kinachopanga mpini uende pande ngapi), kiweke pande nne, la sivyo kona zitakukera.

Kuhusu kibonyezo, swichi yake ina miguu mitatu: COM (wa pamoja), NO (wazi hadi ubonye) na NC (umefungwa hadi ubonye). Umeunga NC, ambayo inafunga saketi muda wote usipobonya. Hamishia waya kwenye NO.

SWALI: Nizimeje mashine bila kuharibu kadi ya kumbukumbu?

JIBU: Unga kibonyezo kinachorudi chenyewe kati ya pini ya 5 na ya 6 za Pi, kisha ongeza mstari dtoverlay=gpio-shutdown kwenye faili ya mipangilio, config.txt. Ukibonya inazima kwa utaratibu, ukibonya tena inawaka. Hesabu pini mara mbili: ya 2 na ya 4 zina volti 5, na pini za ishara huvumilia 3.3 tu. Subiri taa ya kijani itulie ndipo uzime swichi ya ukutani.

SWALI: Gemu nyingine hazifunguki kabisa. Kwa nini?

JIBU: Faili za gemu hazilingani na toleo la emuleta, yaani programu inayoiga mashine za zamani. Emuleta ya lr-mame2003, kwa mfano, inataka faili za toleo la 0.78 la MAME (emuleta ya gemu za kabati), za toleo jingine mara nyingi zinakurudisha kwenye menyu bila maelezo. Kwa kujaribia, Gridlee na Robby Roto zimeruhusiwa na wamiliki wake, na zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya MAME kwa matumizi yasiyo ya biashara. Kuziweka kibandani na kulipisha watoto, hapana.