Maswali Yenu: Kifaransa kwa Watoto wa Shule ya Msingi

Swali: Ninafundisha Kifaransa darasa la tatu hapa Tanga, wanafunzi 48. Nikiandika maneno ubaoni na kuyasoma, wanarudia sawasawa. Kesho yake *petit* (-dogo) imekuwa "petiti" na *grand* (-kubwa) imekuwa "grandi". *Le* na *la*, zinazotangulia nomino za kiume na za kike, ndiyo hawazishiki kabisa. Nifanyeje?
*Mwalimu, Chumbageni*

Jibu: Mwalimu, watoto wako wanasoma kama walivyofundishwa. Kwenye Kiswahili herufi iliyoandikwa hutamkwa, nao wana miaka miwili wakiizoea kanuni hiyo. Ukiwaonyesha maandishi kabla sikio halijashika neno, jicho hushinda. Tena kosa hili si la matamshi tu. *Petit*, isiyosikika "t" ya mwisho, huenda na nomino za kiume. *Petite*, ambayo "t" yake husikika, huenda na za kike. Anayesema "petiti" kila mahali ameshapoteza jinsia ya nomino, basi *le* na *la* atazishika vipi?

Weka chaki chini kwa wiki sita. Njoo na vitu: chungwa, limau, kifutio, daftari, samaki wa karatasi. Maneno sita mapya kwa kipindi yanatosha, matatu ya kiume na matatu ya kike. Yafunze kwa *un* na *une*, si *le* na *la*, kwa sababu mbele ya irabu *le* na *la* zote hugeuka *l'*. Mtoto akisikia *l'orange* hana pa kuijulia jinsia. *Une orange* inajitaja. Kwanza sema *Montre-moi une gomme* (nionyeshe kifutio), wao waonyeshe tu bila kusema neno. Kisha wape kuchagua: *Un citron ou une orange?* (limau au chungwa?) Kutaja wenyewe kuje mwisho. Walimu wengi huanzia hapo, halafu wanashangaa darasa kunyamaza.

*Une* itawasumbua, wataitoa "uni" au "yuni". Mtoto aseme "i" ndefu, ulimi usisogee, midomo aivute mbele kama anayepoza uji. *Un* ni sauti ya puani: ncha ya ulimi isiguse popote. Ikigusa nyuma ya meno, tayari ametia "n".

Kuitikia kwa pamoja huficha makosa. Ukiwa na vipindi vinne kwa juma, sikiliza watoto 12 kila kipindi, mmoja mmoja, na wote utawafikia.

Jinsia yenyewe isikutishe. Mtoto anayesema "kiti kidogo" na "meza ndogo" bila kufikiri anaujua upatanisho. *Un petit cahier, une petite chaise* (daftari dogo, kiti kidogo) ni mchezo uleule. Maandishi yakija wiki ya saba, nomino za kiume ziandike kwa buluu, za kike kwa nyekundu, na herufi isiyotamkwa ipigwe mstari mwembamba. Waonye pia kuhusu *poisson* (samaki): "s" moja kati ya irabu husomwa "z", na *poison* ni sumu. Watoto wa pwani hilo hawalisahau.

Swali: Mwanangu wa darasa la nne anahesabu Kifaransa vizuri hadi 69, kisha anakwama. Jirani yetu Mkongo anamwambia *septante*, mwalimu wake anakataa. Nani yuko sahihi?
*Mama, Bagamoyo*

Jibu: Wote wawili, mama. *Septante* (70) na *nonante* (90) husemwa Kongo, Ubelgiji na Uswisi. Ufaransa husema *soixante-dix*, yaani 60 na 10, na *quatre-vingt-dix*, 20 mara nne kuongeza 10. Kwenye mtihani afuate ya mwalimu.

Anayekwama hapo mara nyingi hajazishika 11 hadi 16, maana 71 ni *soixante et onze* na 95 ni *quatre-vingt-quinze*. Rudieni *onze* hadi *seize* kwanza, kwenda na kurudi. Halafu mpangie maharage mafungu manne ya 20, aongeze moja moja kuanzia 81. Hapo *et* ("na") haiingii: ni *quatre-vingt-un*, ingawa 21 ni *vingt et un*.