Poni (farasi mdogo) anajigaragaza na hajanya tangu asubuhi
Kujibwaga chini, kujigaragaza, kuutazama ubavu kila mara, na mavi hakuna: hayo ni maumivu ya tumbo. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje kupambazuke. Ondoa chakula chote. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo unachomlisha kinazidi kumjaza tu. Na tafadhali, ukishauriwa kumnywesha mafuta kwa chupa, acha, yanaweza kuingia mapafuni. Dawa ya maumivu nayo hadi daktari aseme, maana huficha dalili. Mtembeze kidogo polepole akikubali. Akijirusha ovyo, kaa mbali na mateke. Hesabu mapigo ya moyo: akiwa ametulia huwa kama 40 kwa dakika. Yakipita 60, au ufizi ukibadilika rangi, mwambie daktari hapo hapo kwenye simu.