Kiini ni kimoja, mbona DNMT1 na DNMT3A havifanyi kazi sawa?

Mdogo wangu, umeuliza kuhusu DNMT1 na DNMT3A, vimeng'enya vinavyoweka methili (alama ndogo ya kemikali) kwenye DNA: kwa nini DNMT1 hunakili tu alama zilizokuwepo, ilhali DNMT3A huweka mpya, na kiini chao, yaani sehemu ya kimeng'enya inayofanya kazi ya kuweka methili, kinafanana. Nimefanya kazi na vimeng'enya vya jamii hii maabarani hapa Dar, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa kirefu.

Kwenye kiini, kweli, kazi ni ile ile. Sisteini, asidi amino ya kimeng'enya, hujifunga kwenye kaboni namba 6 ya saitosini (herufi C ya DNA), kisha kaboni namba 5 hupokea methili kutoka SAM, molekuli inayobeba methili. Ila saitosini imefichwa ndani ya msokoto wa DNA, itafikiwaje? Mwaka 1994 Klimasauskas na wenzake walichapisha muundo wa M.HhaI, kimeng'enya cha bakteria, kikiwa kimeikumbatia DNA. Saitosini imepinduliwa ikatoka nje ya msokoto, ikaingia kwenye mfuko wa kimeng'enya! Kwangu hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote katika fani hii.

Tofauti uliyoiulizia iko nje ya kiini. DNMT1 ya binadamu ina asidi amino 1616, na zaidi ya nusu ni vipande vya kudhibiti. Kipande kimoja, kiitwacho RFTS, hukaa kama kizibo mdomoni mwa mfuko. Kingine, kiitwacho CXXC, kikishika CpG (mahali C inapofuatwa na G kwenye DNA) isiyo na methili kabisa, DNA hiyo huzuiwa isifike kwenye kiini. Ndiyo maana DNMT1 hupendelea DNA iliyotoka kunakiliwa, yenye uzi wa zamani wenye methili na uzi mpya usio nayo. Protini iitwayo UHRF1 huitambua DNA hiyo, huweka alama ya ubikwitini (protini ndogo) kwenye histoni H3, mojawapo ya protini ambazo DNA huzizunguka, RFTS hushika alama hiyo na mfuko unafunguka.

DNMT3A haina RFTS wala CXXC. Yenyewe hudhibitiwa na kipande cha ADD, kinachosoma mkia wa H3: lisini namba 4 ikiwa haina methili, ADD hushika mkia na kuachia kiini, ikiwa nayo, kiini hubaki kimebanwa. Tena hufanya kazi kwa kushikana, DNMT3A mbili katikati na DNMT3L, protini msaidizi wake, pembeni. Mabadiliko ya asidi amino namba 882 ya DNMT3A (R882), yanayoonekana sana kwenye saratani ya damu aina ya AML, yako pale pale DNMT3A mbili zinapokutana.

Kwa hiyo ukiagiza kimeng'enya, uliza kwanza ni kizima au kipande. DNMT1 iliyokatwa RFTS huchangamka kuliko nzima, na ukilinganisha namba bila kujua hilo utapotea.

Ukitaka DNA ya kulinganishia yenye methili kila CpG, tumia M.SssI, kimeng'enya cha bakteria kinachoweka methili kwenye CpG. SAM iongeze mbichi katikati ya kazi, maana huharibika kwenye joto, na umeme ukikatika usiku friza ya kawaida haitakusubiri. Halafu kata kwa HpaII na MspI, vimeng'enya vya kukata DNA: zote hutambua mfuatano wa CCGG, lakini HpaII hukwama kwenye methili ya CpG na MspI hukata.

Miundo yenyewe iko bure kwenye PDB, hifadhi ya mtandaoni ya miundo ya protini. Anza na namba 1MHT, ya M.HhaI, kisha 3AV4, ya DNMT1, uone RFTS ilivyoziba mfuko, mwisho 2QRV ya DNMT3A na DNMT3L. Zizungushe kwenye kompyuta, ukikwama popote uliza hapa hapa.