Joto la Oman kwa mgeni anayetoka nyanda za baridi: linahimilika, ila si kwa kukurupuka

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako, fundi bomba wa Njombe aliyepata mkataba Maskati na kutakiwa kuripoti katikati ya Juni, ataliweza joto la Oman. Ataliweza. Kinachotia shaka ni hiyo tarehe. Njombe mwezi wa Juni watu wanalala na mablanketi mawili. Maskati mwezi huohuo mchana ni nyuzi 40 na usiku zinabaki 30 hivi. Ukimtoa mtu kwenye koti leo, kesho kutwa yuko juu ya paa anafunga mabomba, hapo ndipo wageni wanapoanguka. Kama mwajiri anasikia la mtu, aombe kuripoti mwisho wa Oktoba au Novemba. Kuanzia hapo hadi Machi hali ya hewa ya Maskati ni nzuri kabisa, na usiku wa Januari nyuzi hushuka hadi 17 hivi, kwa hiyo sweta lake la Njombe asiliache. Akianza majira hayo joto litampandia kidogokidogo, na Juni ikifika mwili umeshajipanga.

Wengi watakwambia mtu wa Dar au Tanga hana shida kule, ni wa bara tu wanaoteseka. Ni kweli nusu. Dar ikichemka sana, Januari na Februari, mchana ni kama nyuzi 32 na usiku 25, na unyevu mwingi. Mtu wa pwani kalizoea fukuto, lakini nyuzi 44 zenye upepo mkavu kutoka jangwani hajawahi kukutana nazo. Hata wenyeji wanakimbia. Waomani wenye asili ya Zanzibar, ambao dogo ataongea nao Kiswahili bila taabu, Julai utawasikia wako kwenye milima ya Jabal Akhdar, kwenye uwanda wa Saiq ulio mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, au wameshuka Salalah. Salalah iko kusini, kama kilomita 1,000 kutoka Maskati, na inapata upepo wa kusi uleule tunaoujua sisi. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba kunakuwa na ukungu na manyunyu, majani yanaota, na mchana haufiki nyuzi 30 mara nyingi. Kazi ikitokea huko, achukue bila kuuliza mara mbili.

Sasa aelewe kwamba majira ya joto Maskati yana sura mbili, na kila moja inamdanganya mgeni kwa namna yake.

Mei na Juni joto huwa kali na kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, shati halilowi, mtu anajiona yuko sawa na hanywi maji. Dalili ni mistari myeupe ya chumvi kwenye kola na mgongoni. Akiiona saa tano asubuhi ajue ameshapoteza maji mengi. Julai na Agosti unyevu wa baharini unaingia. Kipimajoto kinasoma 36 au 37, mgeni anafurahi kwamba kumepoa, kumbe ndiyo hali mbaya zaidi, maana jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ukitoka kwenye kiyoyozi usiku miwani inaingia ukungu papo hapo, na kioo cha kamera ya simu vilevile. Asitegemee giza limsaidie. Tarehe 26 Juni 2018 huko Quriyat, mji wa pwani kusini-mashariki mwa Maskati, joto la chini kabisa la siku nzima, usiku ukiwemo, lilikuwa nyuzi 42.6.

Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea. Ndani ya muda huo moyo unapunguza mbio, jasho linaanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea inapungua. Lakini hilo halitokei kwa kukaa chumbani na kiyoyozi. Ni lazima ufanye kazi kwenye joto, kwa kipimo. Kanuni inayotumika sana kwenye usalama kazini ni asilimia 20: siku ya kwanza mgeni afanye sehemu ya tano tu ya kazi ya juani, kila siku aongezewe sehemu kama hiyo, siku ya tano ndipo afikie zamu nzima. Kwa zamu ya saa 8, siku ya kwanza ni saa moja na nusu hivi ya jua, ya pili kama saa tatu. Muda uliobaki afanye kazi za kivulini. Kwa fundi bomba hilo si gumu: kukata mabomba na kuchonga nyuzi zake za kufungia, kupanga vifaa, kufunga mabomba ya ndani. Amwambie msimamizi mapema, kabla hajapangiwa paa. Na wiki tatu kabla ya safari atembee haraka au akimbie kila siku, kwa sababu mwili wenye pumzi huzoea joto upesi kuliko uliolala.

Maji: glasi moja (mililita 240 hivi) kila dakika 15 hadi 20 akiwa kazini, kiu iwepo isiwepo. Hiyo ni kama robo tatu ya lita hadi lita moja kwa saa. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji matupu yakizidi yanapunguza chumvi ya damu, na mtu anaanza kichefuchefu, kichwa kinauma, anachanganyikiwa. Wenzake wakidhani ni kiu wanamwongezea maji. Chumvi inatoka kwenye chakula, kwa hiyo asiache kula mchana hata kama joto limemuua hamu. Laban, yaani mtindi wa kunywa wanaouza kila duka, pamoja na tende chache, ni kifungua kinywa kizuri cha kazi. Siku ya jasho jingi sana achanganye paketi moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu. Chumvi isizidi hapo. Vinywaji vya kuongeza nguvu aviache kabisa saa za kazi. Kipimo chake ni mkojo: ukiwa rangi ya majani makavu mepesi yuko salama, ukiwa rangi ya chai ya rangi amechelewa.

Ujanja mdogo: chupa ya lita moja na nusu aijaze nusu, ailaze ubavu kwenye friza usiku, asubuhi aijazie. Barafu inabaki upande mmoja na mdomo hauzibi.

Kuna jambo litakalomchekesha hata yeye fundi bomba. Matangi ya maji yako juu ya paa, juani. Kuanzia Mei bomba la maji baridi linatoa maji ya moto, saa nane mchana hayafai hata kunawa. Watu wa huko wanageuza mambo: wanazima swichi ya hita ya bafuni. Hita iko ndani, kwenye kivuli na kiyoyozi, hivyo maji yaliyolala humo yanapoa hadi joto la chumba, na ukifungua bomba jekundu ndiyo unapata ya baridi. Yanayoharibu ni mawili. Mwenzako anawasha swichi bila kuuliza, au mnaoga watano mfululizo na lita 50 zinaisha, yakifuata yale ya paani. Dawa ni kujaza ndoo usiku, ya kuoga na ya udhu.

Kiyoyozi akiweke nyuzi 24 hadi 26. Akikishusha 16 koo linakauka, na kila akitoka nje tofauti ni zaidi ya nyuzi 20. Chujio alioshe kila wiki mbili, vumbi la kule ni jingi. Likiziba, hewa inapungua na bomba la ndani linaota barafu. Ikitokea, azime ubaridi aache feni pekee mpaka barafu iyeyuke, aoshe chujio, ajaribu tena. Barafu ikirudi, huenda gesi imepungua, aite fundi. Feni ya kawaida ni msaada hewa ikiwa chini ya nyuzi 40. Ikizidi hapo inampulizia joto tu, labda alowanishe ngozi kwanza.

Nguo: pamba, nyepesi, mikono mirefu, na kofia yenye ukingo au kilemba. Harara zitamtokea kiunoni na kwapani. Zinataka ngozi kavu na nguo safi, si mafuta mazito wala losheni. Koleo na spana zisiachwe juani, zitamchoma viganja.

Sheria ipo upande wake. Oman inakataza kazi kwenye maeneo ya ujenzi na maeneo ya wazi kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, Juni, Julai na Agosti. Qatar ni kali zaidi: saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Udhaifu wa ile ya Oman ni kwamba Septemba haimo, na ndani ya jengo lisilo na madirisha wala upepo, ambako fundi bomba ndiko anakoshinda, joto linaweza kuzidi la nje huku sheria haimgusi. Dada zetu wanaofanya kazi za ndani ndio kabisa, jiko la mchana halina saa ya mapumziko. Kabla ya kusaini, mtu aulize kwa maandishi kama chumba cha kulala kina kiyoyozi na umeme unalipwa na nani.

Kizunguzungu, misuli kukaza na kichefuchefu: aache kazi, akae kivulini, avue viatu, anywe ORS. Lakini mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, na ngozi inaweza kuwa bado ina jasho, wasidanganyike. Mmoja apige 9999, wengine waanze kumpoza palepale: wamvue nguo za juu, wammwagie maji mwili mzima bila kukoma, wampepee, wamwekee barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Likiwepo beseni kubwa la maji baridi wamzamishe hadi kifuani, kichwa kimeshikwa. Wasimnyweshe kitu kama hana fahamu kamili, na panadol haisaidii hapa. Kumpakia kwenye gari kabla ya kumpoza ni kupoteza dakika zinazookoa ubongo.

Kabla ya safari amwone daktari kama anatumia vidonge vya presha vinavyokojoza, dawa za akili, au insulini (isiachwe garini wala juu ya barafu moja kwa moja). Mwenye siko seli asiende kwa kazi ya juani, kwani kukauka maji humwamshia maumivu.

Na likizo aipange vizuri. Mwili unaanza kusahau joto baada ya wiki moja ya ubaridi, na mwezi mmoja Njombe unafuta karibu kila kitu. Akirudi Julai ahesabiwe kama mgeni, ila anayeijua kazi: siku ya kwanza nusu ya kazi, ya pili asilimia 60, ya tatu 80, ya nne zamu nzima.