Jibu: Tumbo linamuuma kila asubuhi ya masomo

Jambo mama. Nilivyokuelewa, kijana wako wa darasa la tano hapa Goma analia tumbo kila asubuhi ya masomo, ila siku ya posho (Jumamosi) anacheza mpira mpaka giza, na direkta (mkuu wa shule) anasema ni uvivu.

Wangu alifanya hivyo hivyo. Kwanza mpeleke kituo cha afya wapime malaria na minyoo, usiruke hapo. Halafu usimuulize "una shida gani?" Wangu alijibu "hakuna" majuma mawili. Siku moja tukichambua sombe (majani ya muhogo) nikamuuliza tu anakaa benchi moja na nani, anarudi kwa njia gani. Ndipo akatoa: wakubwa wa darasa la sita wanamngoja nyuma ya vyoo, wanamnyang'anya franka zake za mandazi.

Niliandika kwenye daftari siku, saa na mahali, nikamwona mwalimu saa ya kutoka. "Wanamsumbua" haimsaidii mwalimu. "Jumanne, saa ya mapumziko, nyuma ya vyoo" inamsaidia: waliweka mtu pale. Niliomba wale watoto wasichapwe (na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inataka nidhamu ya shuleni iheshimu utu), maana fimbo ingemrudia wangu njiani. Wazazi wao waliitwa.

Mwalimu akinyamaza, nenda kwa direkta, kisha komite ya wazazi. Anayemtisha akiwa mwalimu mwenyewe, anzia kwa direkta, na usikubali mtoto aelezee mbele ya huyo mwalimu.

Tumbo la wangu lilichukua kama mwezi kutulia, hata wale wakubwa walipokwisha kuacha.