Friza iko chini ya sifuri, Wireshark yasoma 256

SWALI: Assalaam aleikum. Hapa Wete tuna friza za samaki, kila moja ina kifaa cha ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi) kinachotuma pakiti ya UDP (kifurushi cha data cha mtandao) kwenye poti 5005: namba ya friza (baiti 2), sekunde tangu kiwashwe (baiti 4), kisha joto mara kumi (baiti 2). Nimeandika plagini (nyongeza) ya Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti za mtandao, kwa lugha ya Lua. Joto linasoma 0 kutwa nzima, baadaye 256, na friza ipo nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza namba 1 nayo naiona 256! Nimekosea wapi?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam. Hizo 256 mbili ndizo zinazotoboa siri. ESP32 hutanguliza baiti ndogo, kwa hiyo 1 husafiri kama 01 00. Umetumia amri ya tree:add, ambayo huisoma baiti ya kwanza kuwa ndiyo kubwa, na 01 00 ikawa 256. Weka tree:add_le, inayoanza na ndogo, kote.

La joto ni zito zaidi. Angalia urefu wa data ya pakiti: utakuta 12, si 8. Kompaila ya C (inayogeuza msimbo wa kifaa kuwa programu) hutaka namba ya baiti 4 ianze kwenye nafasi inayogawika kwa 4, basi imejaza baiti 2 tupu baada ya namba ya friza na 2 nyingine mwishoni. Ukihesabu kuanzia 0, sekunde zinaanza nafasi ya 4 na joto nafasi ya 8. Wewe ulisoma nafasi ya 6, ambayo ni nusu ya juu ya sekunde! Nusu hiyo hubaki 0 mpaka sekunde zifike 65,536, yaani saa 18 na dakika 12 hivi, ndipo huwa 1. Umeme ukikatika, hesabu huanza upya na 0 yako inarudi.

Rekebisha plagini, usiguse vifaa: programu inayopokea huenda imeshazoea baiti 12. Andika tvb(8,2), yaani baiti 2 kuanzia nafasi ya 8, kwa joto, na uga wake uwe ProtoField.int16("friza.joto", "Joto"). Ukiweka uint16, isiyojua namba hasi, -180 (nyuzi 18 chini ya sifuri mara kumi) itageuka 65356. Juu kabisa ya kazi (function) ya kusoma pakiti ongeza:

if tvb:len() < 12 then return 0 end

Bila hiyo, pakiti fupi itakuletea kosa la Lua. Hifadhi, bonyeza Ctrl+Shift+L ili plagini ipakiwe upya, kisha chuja kwa friza.joto > -100. Zitabaki pakiti za friza zilizopanda juu ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Hizo ndizo za kukimbilia kabla samaki hawajalainika.